Eti mwanamke wa kizungu hajawahi kushika jembe? Maswali ya wasomaji, majibu toka Bukavu

Wapenzi wasomaji, karibuni tena. Maswali ya kodi ya nyumba na ya mahari nimeyaweka pembeni kwanza, msinikasirikie, toleo lijalo nitayajibu yote, juu kuna barua moja ilinifikia toka Kadutu ikanikaa rohoni siku tatu nzima. Niliisoma kwa sauti hapa ofisini, na kila aliyeisikia akatoka na swali lake, wengine wakawapigia dada zao Goma na Uvira, na hao nao wakatuma ya kwao. Basi leo tunaongea kitu kimoja tu.

SWALI: Mama wa ukurasa, heshima kwako. Mtoto wangu mkubwa yuko sekondari, mwalimu wa historia amewapa kazi juu ya wazungu waliotoka Ulaya miaka ya 1800 wakahamia Marekani kulima. Jioni tukiwa tunakula baba yake akasema mwanamke wa kizungu toka dunia iumbwe hajashika jembe, eti wale walikaa ndani wanangoja kuhudumiwa, kulima ni kazi ya mama wa kwetu. Mimi niliyerudi siku ile ile toka shambani Walungu na mzigo mgongoni nikanyamaza, juu sikuwa na jibu. Wale wanawake waliishi namna gani kweli? (Mama wa watoto watano, Kadutu)

JIBU: Dada yangu, pole na mzigo kwanza. Alafu mwambie baba watoto, kwa heshima yake yote, hapo amekosea, na amekosea sana.

Nitakueleza kwa mwanamke mmoja, maana ukisema tu "wahamiaji" mtu haoni uso. Jina lake Gro Svendsen. Alizaliwa 1841 Norway, kwenye bonde la Hallingdal, ni milima tupu kule, nadhani wewe mtu wa Bushi, vilima vyetu hivi vya Walungu na Kabare, ungeielewa haraka. Tumemjua juu aliandikia wazazi wake barua miaka na miaka, na jamaa zake kule nyumbani wakazitunza, baadaye zikachapishwa. Si mke wa waziri wala wa tajiri, ni mke wa mkulima, na ile kazi yake yote iko mle kwenye barua, kwa mkono wake mwenyewe.

Kwanza ujue kilichowatoa. Norway ni nchi kubwa lakini udongo wa kulima ni kidogo sana, kama sehemu 3 kwa 100, kinachobaki ni mawe, msitu na barafu. Shamba la baba anachukua mtoto wa kwanza wa kiume, wadogo zake watafute maisha. Asiye na shamba anaweza kupewa kipande na mwenye shamba, ajenge kibanda, alime kidogo, na analipa kwa kwenda kufanya kazi kwenye shamba la bwana siku atakazoambiwa. Si unaona? Sisi tunajua bwasa, unakodi kipande cha mtu msimu mmoja au miwili, ukikiweka mbolea kikaanza kuzaa vizuri mwenyewe anakirudisha. Wale nao walikuwa na mambo kama hayo, njo maana barua ya kwanza toka Marekani ikifika kijijini inasema huku kuna udongo mweusi usio na jiwe, watu walikuwa hawalali. Chombo cha kwanza kilitoka Stavanger mwaka 1825 na watu 52, wakafika New York wako 53 juu mama mmoja alijifungua katikati ya bahari. Hebu rudia hapo polepole. Kujifungua baharini, kwenye chombo kidogo cha tanga, kinarushwa na mawimbi. Na baba watoto anasema walikuwa wanahudumiwa.

Gro yeye alisafiri 1862 na bwana yake Ole, ni kama bado bibi harusi, umri miaka 21. Safari zile za tanga zilichukua wiki nyingi, mara nyingine zinafika 8 au hata 10, na chakula mtu anatoka nacho kwake. Kazi inaanzia hapo, mbele hata ya kupanda chombo, maana ni mwanamke anayekaa kwenye moto kuoka mikate yao myembamba mikavu isiyooza, ni yeye anakausha nyama, anatia samaki chumvi, anajaza mapipa, anahesabu vinywa na wiki. Akikosea hesabu watoto watakaa na njaa baharini na hakuna soko. Alafu sanduku moja kubwa la mbao, limepakwa maua ya rangi, jina na mwaka juu yake, humo njo nyumba nzima inaingia, sufuria, sufu, gurudumu la kusokota nyuzi, kitabu cha dini.

Walifika Iowa, jimbo moja la Marekani, na 1863 wakaenda mbali zaidi kwenye wilaya ya Emmet, karibu na Estherville, fasi ambayo majirani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Na hapo Gro anaandika nyumbani kwamba lazima ajifunze kila kitu upya, hata kupika. Anawaambia wazazi kitu ambacho nilikisoma nikacheka peke yangu kwa uchungu, juu kinafanana kabisa na swali lako: kwamba kule Norway walisikia wanawake wa Marekani wana nafasi kubwa ya kupumzika, lakini yeye hajakutana hata na mmoja anayesema hivo. Anasema mama wa nyumba kule anafanya kazi ya mpishi, ya mfanyakazi wa ndani na ya msimamizi wa nyumba, zote tatu, na inabidi azifanye vizuri kama vile wangezifanya watu watatu.

Kwa hiyo ile habari ya baba watoto imezeeka kuliko yeye mwenyewe dada, mwaka 1863 Gro alishaijibu.

Sasa niingie kwenye kitu kimoja nikiangalie karibu, siagi. Kwao Hallingdal wakati wa joto wanawake na wasichana walikuwa wanapanda na ng'ombe milimani, wanakaa kule kwenye vibanda, wanakamua, wanatengeneza siagi na fromaji, na baridi ya mlima inatunza vyote. Wasomaji wangu wa Masisi hapa hawahitaji maelezo. Sasa yule yule, na mikono ile ile inayojua kazi, anafika Iowa kwenye tambarare yenye joto kali la Julai na siagi inamgeukia. Anaandika kwamba usipoimwagia maji ya chumvi au kuitia chumvi inajaa funza, kwa hiyo afadhali kuiuza mapema, walikuwa wanapata kama senti 8 kwa kilo nusu hivi. Mimi nilimwona bibi yangu Kabare akitikisa maziwa kwenye kibuyu asubuhi, amekaa chini amenyoosha miguu, kibuyu kinalia ndu, ndu, ndu, alafu sauti inabadilika inakuwa nzito, hapo anajua bila kufungua kwamba mafuta yamejitenga. Anayatoa na mkono, anayakamua maji mpaka tone la mwisho, juu alituambia maji yakibaki ndani kesho yananuka. Ukimchukua bibi yule ukamweka kwenye jua la Uvira ile elimu ya mkono wake yote itamsaliti wiki ya kwanza. Njo kilichompata Gro, na hakuna hesabu ya hektari inayokuonyesha hiyo.

Na siagi ile si ya mkate wa watoto tu, njo ilikuwa makuta, pesa ya mkononi. Ngano inauzwa mara moja kwa mwaka na mara nyingi deni linaingoja mlangoni, lakini siagi na mayai ya mama vinaleta kahawa, sukari, kitambaa na sindano kila wiki. Kama vile wewe na sombe yako, majani ya muhogo unayouza, mshahara wa baba ukichelewa.

Kazi nyingine nitazipitia haraka juu ukurasa ni mdogo. Kukata sufu ya kondoo, kuichana, kuisokota, kuifuma, kushona nguo za kila mtu. Kutengeneza sabuni, unachuja maji kwenye majivu ya kuni, yale yale ambayo mama zetu wanachuja kwa kuivisha maharagi magumu, alafu unayachemsha na mafuta ya mnyama siku nzima nje. Kufua na maji ya kuchota. Bustani ya viazi na kabichi ni yake. Wakati wa mavuno mikono haitoshi, basi naye yuko shambani anafunga miganda ya ngano nyuma ya bwana yake, alafu jioni bwana anakaa yeye anaingia jikoni. Fasi zisizo na miti watu walikata udongo wenye majani kama matofali wakajengea nyumba, mvua ikinyesha paa linavuja tope, na jikoni wanachoma majani makavu yaliyosokotwa au mavi makavu ya ng'ombe.

Alafu moto. Gro anaeleza namna nyasi kavu za tambarare zinavyoshika moto, inakuwa bahari ya moto usiku, inakuja na upepo. Anaeleza nyoka, mbu, joto, na radi ambazo kwake zilikuwa kama mwisho wa dunia. Mwaka 1864 nchi ilikuwa kwenye vita vya wao kwa wao, Ole akachukuliwa jeshini, akarudi 1865. Huo mwaka mzima mama kabaki na watoto wadogo na shamba changa. Hapo sihitaji kumwelezea mtu wa Kivu mwanamke anayengoja bwana aliye vitani.

Na miaka ya 1873 mpaka 1877 wakaja nzige. Si wale wa kukaanga dada, ni wingu linaloziba jua, linateremka na kula ngano yote kabla ya kuvunwa. Walioona waliandika kwamba wanawake walikimbia kufunika bustani na mablanketi, nzige wakala mablanketi, wakatafuna hata mipini ya majembe juu ya chumvi ya jasho.

Mipini ya majembe, jasho la nani sasa? Muulize baba watoto, lakini muulize taratibu, akiwa ameshashiba.

SWALI: Yaya, hapa Goma tulisoma ile barua pamoja kwenye chama chetu cha likelemba, cha kuchangiana pesa kwa zamu. Sasa tunauliza, lile shamba lililopatikana kwa jasho namna hiyo, karatasi ilikuwa na jina la nani? Juu hapa kwetu mwanamke analima miaka 20, bwana akifa wakubwa wa familia wanakuja na kusema toka. (Wamama wa Himbi)

JIBU: Wadogo zangu, swali lenu njo moyo wa mambo yote haya, na nitalijibu bila kuzunguka.

Sheria ya Marekani ya tarehe 20 Mei 1862 ilisema mtu anaweza kupewa ekari 160, ni hektari kama 65, karibu bure, analipa pesa kidogo ya kuandikisha. Akae pale miaka 5, ajenge, alime, alafu anapewa karatasi. Hektari 65! Walungu familia nyingi hazifikishi hata hektari moja. Na sheria haikusema "mwanaume". Ilisema mkuu wa familia, au mtu aliyefikisha miaka 21. Kwa hiyo msichana asiyeolewa aliweza, mjane aliweza, aliyeachwa na bwana aliweza. Na kweli walichukua, wako wasichana wa Norway waliojenga kibanda peke yao kwenye nyasi na kulala humo usiku wa baridi wakilinda ardhi yao, na wengine walingoja karatasi kwanza njo waolewe. Bwana akifa mbele ya miaka 5 kuisha, mjane alikuwa na haki ya kumalizia na kupata hati kwa jina lake.

Lakini mwenye bwana? Hapana. Mwanamke wa ndoa anayeishi na bwana yake si mkuu wa familia, basi karatasi ni ya bwana. Yule aliyehesabu wiki za chakula baharini, aliyeuza siagi wakanunua mbegu, aliyebaki wakati wa vita, kwenye kitabu cha serikali ni "mke wa", basi.

Mimi hilo linaniuma na sifichi. Na linaniuma zaidi juu nalijua. Kwetu Bushi kalinzi, ardhi ya kimila, inatolewa kwa mwanaume, anapeleka ng'ombe kwa mkubwa, ardhi inakuwa ya yeye na watoto wake wa kiume, mama anaingia humo kwa mlango wa bwana na anaweza kutolewa kwa mlango ule ule. Sheria ya familia ya Kongo ya 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya bwana mbele ya kufanya jambo lolote la kisheria. Hiyo ilibadilishwa na sheria ya Julai 2016, ruhusa ile imeondolewa. Sasa wamama wa Himbi, likelemba yenu mkinunua kiwanja, na kama mnanunua na bwana, hakikisheni majina yote mawili yako kwenye karatasi siku ile ile ya kuandika, mbele ya mashahidi, msiseme tutaongeza kesho. Nimeshaona kesho hiyo. Dada yangu wa tumbo moja alisaidia kujenga nyumba ya mbao hapa Bukavu, akaleta mabati yeye mwenyewe kwa kuuza ndagala, wale samaki wadogo, risiti akampa bwana atunze. Siku ya matanga risiti hazikuonekana.

SWALI: Na hizo hektari 65 za bure, zilitoka wapi? Hakukuwa na watu? (Mwanafunzi, Bagira)

JIBU: Mwanangu, umeuliza vizuri kuliko wakubwa wengi. Walikuwepo. Wenye udongo ule walikuwa mataifa ya asili, kule Minnesota, jimbo jirani, na kaskazini ya Iowa walikuwa Wadakota. Mwaka 1851 walisainishwa mikataba ya kuachia ardhi kubwa mno, wakabaki na ukanda mwembamba kando ya mto, na pesa walizoahidiwa zikawa zinachelewa au zinaishia kwa wafanyabiashara. 1862 watoto wana njaa, vita vikalipuka, wahamiaji wengi wakauawa, na wanawake na watoto wa pande zote mbili wakateseka. Tarehe 26 Desemba 1862 serikali ikanyonga Wadakota 38 siku moja kwenye mji wa Mankato, alafu wengi wa waliobaki wakafukuzwa Minnesota. Huo njo mwaka ule ule Gro aliteremka toka chomboni. Alikuwa anakimbia kukosa udongo, na udongo aliopata ulikuwa umetoka mikononi mwa mama mwingine. Yote mawili ni kweli, andika yote mawili kwenye kazi yako, mwalimu akikuondolea moja mwambie mimi njo nimesema.

SWALI: Mama, mimi niliolewa mbali, niko Lubumbashi mwaka wa nane sasa, mama yangu yuko Bukavu, ndege ni bei. Nataka kujua tu, yule Gro aliwahi kurudi kwao? (Binti wa Panzi)

JIBU: Binti yangu, hapana, hakurudi.

Barua njo zilikuwa njia yake ya kwenda nyumbani. Anaandika akichoka, usiku, watoto wamelala, anamweleza mama yake vitu ambavyo mama hajawahi kuviona, anauliza habari za watu wa bonde, nani ameoa, nani amekufa. Barua inachukua wiki na wiki, ukiuliza mgonjwa anaendeleaje, jibu linafika mgonjwa amepona au ameshazikwa. Wewe leo una simu, basi mpigie mama yako leo hii, hata bila habari, mwambie tu umekula nini.

Gro alizaa mtoto wa 10 mwaka 1878, na uzazi ule njo ulimchukua. Alikuwa hajafikisha miaka 40. Kwenye mashamba yale mjamzito alisaidiwa na mama jirani aliyeshazaa, kama alikuwa karibu na kama barafu haikufunga njia. Nimeandika mstari huu nikasimama kidogo, juu ninawajua wamama wa hapa waliobebwa kwenye machela toka milimani wakafika mjini wamechelewa, na wewe pia unawajua.

Baadaye Ole aliwachukua watoto akahama tena, akaenda Dakota kutafuta ardhi nyingine. Gro akabaki Iowa, kwenye kaburi.